Daftari Tulilomnyang'anya Mwanafunzi



Ndugu wasomaji, leo tunakiri kosa letu, kwani mwalimu naye ni mwanaadamu.

Sisi tunasomesha madrasa hapa Kampala, upande wa Kibuli. Siku moja baada ya Swalah ya Alasiri tulikuwa tukisomesha udhu. Tukamwona kijana mmoja ameinama, anachora pembeni mwa kurasa za daftari lake. Tukamnyang'anya mbele ya wenzake na kumwambia kuwa michoro haitamfikisha popote. Hakujibu neno.

Usiku tukalifungua daftari. Kila ukurasa ulikuwa na mtu mdogo wa penseli, hana macho wala mdomo. Tulipozipeperusha kurasa kwa kidole gumba, yule mtu akaanza kutembea! Ananawa viganja, anasukutua, anaosha uso, anaosha mikono hadi viwikoni, anapaka maji kichwani. Miguu haikuwepo, kwani hapo ndipo tulipomnyang'anya. Kumbe alikuwa akilifuata somo letu hatua kwa hatua.

Tukawauliza wanaoijua kazi hii. Wakatueleza kuwa katuni zote asili yake ni hiyo hiyo: picha nyingi zinazotofautiana kidogo, zikipita haraka jicho huziona kama kitu kimoja kinachotembea. Sinema huonyesha picha 24 kwa sekunde moja. Hebu fikiria subira inayotakiwa!

Wakatutajia Ng'endo Mukii wa Nairobi, dada aliyesomea London katika chuo cha Royal College of Art. Mwaka 2012 alitoa filamu fupi iitwayo Yellow Fever, aliyochanganya michoro ya mkono, kazi ya kompyuta na picha za watu halisi. Inahusu mkorogo, yaani kujichubua ngozi. Ndani yake anazungumza na mpwa wake, binti mdogo tu, ambaye tayari anatamani kuwa mweupe.

Maneno ya mtoto yule yalituchoma. Mara ngapi tumewakanya mabinti zetu wasibadilishe umbile alilowapa Allaah, nao wakainamisha macho, kisha wiki ya pili uso umekuwa mweupe na vifundo vya vidole vimebaki vyeusi? Tuliwaambia haramu, hatukuwauliza nani aliwafundisha kujichukia. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, nayo hudhuru figo. Filamu yenyewe ina picha za miili zisizofaa chuoni, hivyo hatukuwaonyesha. Tuliwasimulia kisa cha mtoto yule, kisha tukanyamaza tuwasikilize. Siku hiyo walizungumza wao.

Hapa Kampala kwetu pia wapo mafundi. Raymond Malinga na wenzake walitoa mwaka 2017 katuni ya A Kalabanda Ate My Homework, kuhusu kalabanda, lile zimwi ambalo kila aliyesoma bweni Uganda ametishwa nalo. Mwaka 2023 yeye na Ng'endo walikuwa miongoni mwa Waafrika waliotengeneza filamu za mkusanyiko wa Kizazi Moto.

Tunajua mtauliza: na hukumu ya picha je? Wanavyuoni wamehitilafiana, hasa katika picha za viumbe vyenye roho, na kila mzazi amuulize sheikh anayemwamini. Wengi wao wameruhusu vya watoto kuchezea na kujifunzia, kwani Bibi Aisha (Radhiya Allaahu 'anha) alicheza na wanasesere nyumbani kwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) naye hakumkataza. Kijana wetu alimwacha mtu wake bila uso. Tulipomuuliza sababu alisema, "Ustadh, niliogopa kukosea." Yeye alilifikiria jambo hilo kabla yetu.

Tulimrudishia daftari mbele ya wale wale waliotuona tukilichukua, tukamwomba radhi. Akakaa akamalizia miguu. Sasa watoto wadogo wanagombania kulipeperusha, na mpangilio wa udhu, ambao tulikuwa tukiurudia ubaoni muhula baada ya muhula, wameushika.

Wazazi, kabla hamjalichana daftari la mtoto, lifungueni kwanza. Huenda anacheza, na huenda anasoma kwa njia yake. Mwelekezeni kwenye kheri, msimvunje.

Wabillaahi tawfiiq.