Binti wa Sajini Ataka Kubaki Makerere

Sajini mmoja wa polisi katika kambi ya Nsambya, jijini Kampala, alirejea kutoka zamu jioni akamkuta bintiye ameketi mkekani, hati ya shahada magotini. Mama alikuwa akimenya matoke.

"Baba," binti akasema, "nataka kubaki Makerere, niwe mhadhiri."

Sajini alinyamaza kitambo. Wadogo wawili walikuwa bado shuleni, na karo yao haingoji mtu. Alidhani shahada ndiyo kilele cha ngazi, kumbe ndiyo kipago cha kwanza! Mwenye shahada moja huanza kwa kuwasaidia wakubwa. Shahada ya uzamili humfanya mhadhiri msaidizi. Ya uzamivu ndiyo humfungulia uhadhiri wenyewe. Mbele yake yumo mhadhiri mwandamizi, kisha profesa mshiriki, ndipo profesa, na apandaye hudaiwa maandishi yaliyochapishwa. Askari hawezi kustaajabia vyeo. Lakini askari hupokea mshahara akingojea cheo, ilhali mwanafunzi wa uzamili aghalabu hujilipia.

Palikuwa na jambo jingine lililomkaa moyoni. Marehemu baba yake, naye askari, alikuwa akiwaambia wanawe kwamba usomi ni kazi ya hatari. Hakusema bure. Mwaka 1972 Frank Kalimuzo, mkuu wa chuo hicho hicho, alichukuliwa na askari, asionekane tena.

Binti hakubisha. Alimtaja Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, mwana wa Kadhi Mkuu wa Kenya. Matokeo yake ya mtihani yalikuwa hafifu, Makerere ikamkatalia, akawa karani. Baadaye alisoma Manchester, New York na Oxford. Mwaka 1963 akaingia Makerere kwa mlango wa walimu, na baada ya miaka michache tu akawa profesa.

"Na akakaa?" sajini akauliza.

"Hakukaa, Baba. Alisema mno wakati wa Idi Amin, akahamia Marekani."

Jibu hilo la kweli lilimdhuru binti, au labda lilimfaa, kwani baba aliona kwamba mwanawe hauzi mbuzi ndani ya gunia.

"Uzamili ni miaka mingapi?"

"Miwili. Asubuhi nitafundisha sekondari, jioni nisome."

"Na huo uzamivu?"

"Mitatu, au zaidi. Huo nitautafutia ufadhili. Nikiukosa, nitabaki kufundisha sekondari."

Sajini alichukua daftari aandikamo madeni ya duka, akapiga mstari chini ya deni la mwisho, akaandika: miaka miwili. Akahesabu mshahara wake, akatoa karo za wadogo, akahesabu tena.

Mama, ambaye kwa miaka minane maandazi yake yalikuwa yamelipa nusu ya karo za nyumba ile, alifunga matoke katika majani ya mgomba, akauliza mbona jina lake halimo katika hesabu hiyo.

Sajini akamsogezea kalamu.