Samaki Hana Mtoki

Aliyekulia uswahilini anaujua mtoki. Unakanyaga msumari, kesho yake kinena kimevimba, unachechemea, na bibi anasema mwili unapigana. Bibi yuko sahihi: ile ni tezi ya limfu, mahali ambapo seli za kinga hukutana na vipande vya adui na kuanza kuzaliana. Samaki hana tezi hizo. Hana hata uboho wa kutengenezea damu kama wetu. Nilipoanza shahada ya uzamili swali langu lilikuwa moja tu: sasa huyu anapigania wapi?

Anapigania zaidi kwenye figo na bandama. Ukipasua perege utaona utepe mweusi uliogandia uti wa mgongo, ule ambao wapishi huukwangua kwa ncha ya kisu. Hilo ni figo. Sehemu yake ya mbele, karibu na kichwa, imeacha kazi ya kuchuja mkojo. Inatengeneza damu, na ndipo seli B zinapozaliwa. Bakteria akiingia, seli mlaji humeza, humkatakata, kisha hutundika vipande vyake nje ya ngozi yake kama muuza mitumba anavyotundika mashati. Vipande hivyo ndivyo antijeni. Seli T hupita zikikagua, na kila moja imeumbwa kutambua kipande cha aina yake. Nyingi hupita bila kuona chochote. Ile inayotambua hujigawa, huita wenzake, na seli B zinaanza kumwaga kingamwili. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba hata seli B za samaki humeza bakteria zenyewe, kazi ambayo vitabu vilikuwa vimezinyima kwa miaka mingi. Mimi hapo huwa nacheka peke yangu maabara.

Shangazi yangu wa Chamazi hakucheka. Alikuwa na perege kwenye bwawa la turubai nyuma ya nyumba, kwa mkopo wa kikoba, na walianza kuogelea kwa kuzunguka, macho yametokeza, kisha kuelea. Alinipigia simu asubuhi nikiwa Kunduchi. Nilipanda daladala hadi Mbagala Rangi Tatu, kisha nyingine.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba. Wewe si unasomea samaki? Haya, waone.”

Duka moja la pembejeo lilikuwa limemuuzia antibiotiki ya kuku, na akaimwaga yote bwawani. Nilipasua watatu juu ya sinia. Bandama zilikuwa zimevimba, nyekundu kupita kiasi. Dalili zilifanana na za streptokoka, ingawa bila kuotesha bakteria maabara huwezi kuapa.

“Kama wana hiyo kinga unayosomea, mbona wanakufa?”

Ni swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa darasani. Nilimwambia kingamwili huhitaji wiki kadhaa kujengeka, na bakteria huyu anaweza kuua kwa siku chache. Kisha nikamwonyesha bwawa: samaki wamebanana kama abiria wa jioni, maji ya kijani, alfajiri wote wako juu wakitweta. Samaki akiteseka hutoa homoni ya kotisoli, na kotisoli ikidumu hudhoofisha seli za kinga. Kinachoniuma ni kwamba seli zinazoitoa zimo ndani ya lile lile figo la mbele. Hofu na askari wanalala chumba kimoja.

Alinyamaza, akahesabu kwa vidole deni lililobaki.

“Chanjo je?”

Nikamweleza kwamba Norwei huchanja samoni kwa sindano kabla ya kuwapeleka baharini, na matumizi yao ya antibiotiki yameporomoka tangu mwishoni mwa miaka ya 1980.

“Nimshike perege mmoja mmoja kama mtoto wa kliniki?”

Hapo alicheka, mara ya kwanza siku ile. Tuliwatoa waliokufa, tukawazika mbali na kisima. Maji ya bomba yana klorini, kwa hiyo tuliyajaza kwanza kwenye madumu yakae wazi, na wazima tukawagawa mabwawa mawili, la pili likiwa tenki la jirani.

“Hawa waliobaki, watamkumbuka huyo mdudu?”

Nikamwambia huenda, kwa muda. Kumbukumbu yao ni dhaifu kuliko yetu, lakini ipo.

“Basi shika ndoo,” akasema, “kabla mgao haujaanza.”