Bei ya Kuteleza kwenye Maji

Ukiishi Mtwara na watoto wako wakataka kuteleza kwenye yale mabomba marefu yanayommwaga mtu bwawani, kitu cha kwanza utakacholipia ni barabara. Kiingilio chenyewe kiko mbali huko mbele. Kabla hujakifikia umeshalipa nauli, umeshalipa chakula cha njiani, umeshalala mahali, na umeshavuka jiji zima la Dar es Salaam.

Najua hivyo kwa sababu mwaka huu nimelazimika kuandika. Wanangu ni watatu: wa kiume ana miaka tisa, wa kike ana sita, na wa mwisho ana mitatu. Yule mkubwa anasoma na watoto wawili ambao likizo iliyopita walipelekwa Kunduchi, kwenye bustani ya maji ya Wet 'n' Wild, wakarudi na hadithi za muhula mzima. Kwa hiyo Desemba hii naye anataka. Baba watoto alisema, "Piga hesabu kwanza, halafu tuongee." Mimi ni mwandishi wa habari, kupiga hesabu za bajeti za watu wengine ndiyo kazi yangu. Nikachukua daftari la matumizi ya nyumbani, nikachora safu tatu: Dar, Msimbati na Newala.

Tuanze na Dar. Kutoka Mtwara ni kilomita zipatazo 560. Kwa viwango vya nauli vilivyotangazwa na LATRA Desemba 2023, basi la kawaida ni shilingi 48.47 kwa kilomita na la daraja la kati ni 67.84. Zidisha, utapata kama 27,000 kwa la kawaida na kama 38,000 kwa la kati, kwa kila kiti. Sisi tunahitaji viti vinne, yule mdogo atapakatwa. Kwa daraja la kati, kwenda na kurudi ni 304,000. Gesti, vyumba viwili kwa siku tatu, tulitenga 180,000. Chakula 120,000. Usafiri wa mjini 80,000, maana basi la Kusini linaingilia Mbagala na Kunduchi iko upande wa pili kabisa wa jiji. Akiba ya dharura 100,000. Kiingilio cha familia nzima tukakitengea 100,000 nyingine, kwa sababu bei hizi hubadilika kwa siku na kwa umri wa mtoto, na mtu mwenye akili hupiga simu kwanza.

Jumla: 884,000. Katika kila shilingi tisa, kama moja tu ndiyo inayoingia kwenye mchezo wenyewe. Nane zilizobaki ni gharama ya kuwa tunatoka Mtwara.

Iko njia ya kupunguza. Fun City ya Kigamboni iko upande huu wa kusini, na ukishafika Kongowe unaweza kukata kwenda Kigamboni bila kugusa foleni ya katikati ya jiji. Basi la kawaida badala ya la kati linaokoa kama 88,000. Lakini hiyo akiba ya dharura siigusi. Barabara hii tunaijua. Waliosafiri kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003 wanakumbuka kivuko cha Rufiji, na hata baada ya daraja, kile kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 tu, kiliendelea kututesa miaka mingi kabla lami haijakamilika. Na lami nayo siyo dhamana: Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara eneo la Somanga, watu walikwama huku na huku. Ukisafiri na mtoto wa miaka mitatu, laki moja ya tahadhari siyo woga.

"Si mfikie kwa ndugu?" Kila niliyemwonyesha daftari aliniuliza hivyo. Ndugu tunao, Temeke na Tabata. Lakini tuseme ukweli, kulala kwa ndugu nako kuna bei, ila haina risiti. Huendi mikono mitupu: korosho zilizobanguliwa kilo kadhaa, samaki wakavu, unga wa muhogo. Mama mwenye nyumba anaamka saa kumi na moja kuwapikia watu watano wa ziada. Na siku ya kwenda kwenye maji, utawaachaje watoto wa mwenyeji wako wakiangalia wa kwako wanavaa kaptula za kuogelea? Wanne hao, unawalipia. Nilipojumlisha nikaona gesti na undugu vinakaribiana sana, tofauti ni kwamba kwa ndugu watoto wangeongea na binamu zao usiku kucha. Hilo nalo lina thamani, nikalipigia mstari.

Wenzetu wa mbali wana shida ya aina nyingine. Disneyland ilipofunguliwa California, Julai 1955, mtu mzima aliingia kwa dola moja, halafu akalipia kila mchezo kwa tiketi yake. Mwaka 1982 wakaachana na vitabu vya tiketi, ikawa kiingilio kimoja kwa siku nzima. Mwaka 2024 siku zenye watu wengi kiingilio kilipita dola 200 kwa kichwa. Kule geti ndilo linalouma. Lakini mfumo wenyewe unafundisha kitu: ukilipia kila bembea, kama tunavyofanya Sabasaba, au kwa yule jamaa anayekuja na bembea zake Mtwara siku za Idi, mzazi ana uwezo wa kusema "mara mbili, basi". Ukilipa mara moja getini, unajiona umepoteza usipokaa mpaka jioni, na ukikaa mpaka jioni watoto watakula mara mbili, kwa bei ya humo ndani.

Safu ya pili ni Msimbati. Hii ni rahisi kuliko zote. Kama kilomita 45 kutoka mjini, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000. Ukikodi gari kwa siku, ukafunga pilau kwenye hotpoti na ukalipa ada ya hifadhi kama raia, kwa hesabu yetu hufiki 150,000. Mchanga mweupe, maji safi, watu wachache. Wageni wanavuka bahari mbili kuja kuona kitu kama hicho. Tulimwambia mkubwa. Akajibu, "Mama, bahari si ipo tu kila siku?"

Nikacheka, lakini ana hoja. Mtoto aliyezaliwa Mtwara hawezi kuambiwa bahari ni zawadi. Yeye anataka maji yanayopanda juu ya jengo halafu yanamshusha kwa kasi. Anataka kitu ambacho mtu amekitengeneza makusudi ili watoto wapige kelele. Na kitu hicho kwetu hakipo. Ukienda Msimbati unapita Madimba, penye mtambo wa kuchakata gesi. Kutoka hapo bomba lilikamilika mwaka 2015 kwenda Dar es Salaam, baada ya zile vurugu za 2013 ambazo kila mtu mzima hapa mjini anazo za kusimulia. Gesi ilitangulia kwenda Dar. Watoto nao wanapanda basi kuifuata, ili wakacheze huko.

Safu ya tatu ndiyo iliyonikosesha usingizi. Newala, kwa mama yangu.

Kaka yangu alipiga simu tangu Oktoba, minada ya korosho ilipoanza. "Dada, kijana ametimiza tisa. Desemba hii aingie jando na wenzake." Kwetu Wamakonde, mjomba akisema hivyo siyo ushauri. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye anayesimama. Sikuhizi tohara yenyewe tunataka ifanywe na mganga wa kituo cha afya, lakini mafunzo, ngoma na siku ya kuwatoa vijana viko palepale, na vinapangwa likizo ili shule isiharibike.

Nikapiga hesabu yake kama nilivyopiga ya Dar. Nauli ni ndogo: kama kilomita 140, lami mpaka Mnivata, na mbele yake ujenzi na vumbi. Kwenda na kurudi familia nzima ni kama 60,000. Lakini kuna mchele wa gunia, nyama, wapiga ngoma, nguo mpya za kijana, na fungu letu katika michango ya ukoo. Jumla 620,000. Asikudanganye mtu kwamba kijijini ni bure.

Tofauti iko kwenye namna hela inavyotembea. Ile 884,000 ikishaondoka imeondoka, nami sina ugomvi nayo, ndiyo biashara. Hii 620,000 inaandikwa kwenye daftari la mtu. Mwakani mtoto wa dada yangu mdogo akitolewa, waliokula kwetu watarudisha, na mimi nitakuwa nimeshalipa la mwaka juzi. Ni mzunguko. Wakati mwingine ni mzigo, wapo walioingia madeni kwa ajili ya shughuli za siku mbili, na sitaki kulipamba hilo. Ila usipotoa, jina lako halimo, na kijana wako atakuja kujua halikuwamo.

Nilimweleza mama kwa simu kuhusu Kunduchi. Hakunielewa, ikabidi nirudie. "Kwa hiyo mnalipa hela, mnaingia kwenye maji, halafu mnatoka?" Ndiyo, mama. Akanyamaza kidogo. Mama amezeeka juu ya uwanda wa Makonde, mahali ambapo maji yamekuwa tatizo tangu enzi za mkoloni. Mvua ikinyesha anakinga kila tone la bati lake kwenye kisima cha saruji, na kisima kikikauka ananunua kwa ndoo. Akauliza ni kiasi gani, nikamtajia. Yeye huhesabu kwa korosho. Kwa ile bei ya 3,300 iliyotangazwa na serikali mwaka 2018, mwaka ambao jeshi liliingia kununua, safari yetu ya Dar ni kilo 268. Akasema tu, "Haya, mwanangu. Watoto ni wako."

Kauli hiyo, kama una mama wa Kimakonde, unajua uzito wake.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema jibu lilikuwa wazi tangu mwanzo. Kuna kaulimbiu tumeizoea huku kwetu, kwamba kila shilingi inayotumika kwa mtoto lazima imfundishe kitu: heshima, dini, Kiingereza, hesabu. Mafunzo anayo ya kutosha. Jando lenyewe ni mafunzo. Mtoto wa Mtwara ana haki pia ya kupanda ngazi, kushuka kwa kasi, kumeza maji kidogo, na kutoka bila kuwa amejifunza chochote. Watoto wa Masaki wanapata hiyo haki kwa teksi ya nusu saa. Sisi tunaitafuta kwa saa kumi za basi, na hilo halinifanyi nimwone mwanangu kuwa mdekevu.

Tumekaa mezani na watoto, tukawasomea safu zote tatu, na tarakimu zake. Wa kike aliuliza kwa nini viti ni ghali kuliko maji. Mkubwa aliuliza kama jandoni kuna wenzake anaowafahamu. Nikamtajia majina manne, akauliza kama wale wanne wamewahi kufika Kunduchi. Hapana, hata mmoja.

Desemba tunakwenda Newala. Kaka ameshaambiwa, na mama tunampelekea tangi la lita 1,000, ambalo halikuwamo kwenye safu yoyote na limetuharibia hesabu. Dar imeandikwa Juni, basi la kawaida, Kigamboni badala ya Kunduchi, kulala Temeke kwa shangazi yao, na watoto wa shangazi wamo kwenye hesabu ya kiingilio. Hadi leo kwenye kopo kuna 145,000. Mkubwa ndiye anayeshika daftari sasa, na kila Jumamosi ananiuliza kwa nini mstari haujasogea.