Mzizi wa Soya na Mzigo wa Tafsiri

Sisi wanafasihi tumezoea kuutaja mzizi pasipo kuutazama. Husema fulani ndiye mzizi wa fitina, au ufisadi umeota mizizi, kisha tukapita. Mwaka jana mwenzangu wa kitivo cha kilimo aliniomba nimtafsirie kijitabu cha wakulima kuhusu soya, zao la mafuta na protini ambalo mama yangu hulipanda kwetu Magharibi mwa Kenya. Nilikubali shingo upande.

Soya, msomaji mpendwa, huishi kwa ubia na bakteria wa udongoni. Bakteria hao huingia mizizini, wakajengewa vinundu, na humo huigeuza nitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Mmea nao huwalipa kwa sukari iliyotengenezwa majanini. Ukikipasua kinundu kinachofanya kazi utakikuta chekundu ndani mithili ya nyama, kwa sababu ya protini iliyo jamaa ya ile inayoipa damu yetu rangi. Mama alipoviona mara ya kwanza alidhani mimea imeshikwa na minyoo ya mizizi. Nilimwonyesha kwamba kinundu hubanduka kwa kidole, ilhali uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliofura. Alikata kadhaa kwa wembe, akanyamaza, kisha akauliza: "Sasa, mwanangu, mbona soya ya jirani mizizi yake ni mitupu?"

Jibu mojawapo limo katika jeni. Aina nyingi za soya zilizokuzwa Marekani huwachagua bakteria maalumu ambao kwa kawaida hawamo katika udongo wa Afrika, na mkulima hulazimika kuwanunua na kuwapaka kwenye mbegu. Ndiposa kuanzia miaka ya 1970 watafiti wa taasisi ya IITA, kule Ibadan, Nigeria, walizichanganya na aina za Asia zinazowapokea hata bakteria wa kienyeji, wale wanaoishi na kunde. Mbegu zilizozaliwa huitwa TGx, na baadhi zimefika kwetu.

Hapo ndipo kalamu iliponigomea. Sifa hiyo ya kumpokea kila bakteria imepewa na wataalamu, kwa Kiingereza, jina ambalo tafsiri yake sisisi ni uasherati. Mwenzangu alishikilia kwamba istilahi ni istilahi. Nilikataa katakata: nani atamwambia mama yangu kwamba amepanda mbegu asherati? Nikaandika "soya karimu". Waama, kumpokea mgeni usiyemwalika ni ukarimu, na sioni sayansi iliyopotea hapo.

Hata hivyo, ukarimu huo una mipaka, na hili lilinistaajabisha zaidi. Mwaka 1985 watafiti wa Australia walieleza soya ambayo, baada ya jeni yake kuharibiwa kwa kemikali, ilijaza vinundu kupita kiasi. Mtu angetarajia inawiri. Ilikua vibaya kuliko mzazi wake, kwani vinundu navyo hutaka kulishwa. Jeni yenyewe, iliyotambuliwa mwaka 2003, hufanya kazi majanini, wala si mizizini. Ukipandikiza shina la soya ya kawaida juu ya mizizi ya ile iliyoharibika, vinundu hurudi kiasi chake.

Fosforasi ni kisa kingine. Udongo wetu una chuma na alumini zinazoishika kwa nguvu, nayo haitembei. Sharti mzizi uifuate. Kwa kuwa nyingi imo katika tabaka la juu, mmea wenye mizizi inayotambaa karibu na uso wa ardhi na vinyweleo virefu huambulia zaidi, ingawa kiangazini mizizi hiyo hiyo huyakosa maji yaliyozama. Sifa hizi hutawaliwa na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, na ndiyo maana wazalishaji wa mbegu wangali wanahangaika.

Kijitabu kilidai kwamba mbegu bora hupunguza haja ya mbolea. Nilimsihi mwenzangu aongeze sentensi moja: nitrojeni yaweza kutoka hewani, lakini fosforasi hutoka udongoni tu, na kila gunia la soya linalouzwa huondoka nayo. Alisita, akihofia wakulima watakata tamaa, hatimaye akaiweka. Mama, ambaye hununua mbolea kwa kilo wala si kwa gunia, aliniomba niisome mara mbili. Kisha akataka kujua bei ya fosforasi peke yake. Tulikwenda sokoni Jumamosi hiyo. Mwenye duka alikuwa na mbolea ya kupandia yenye vyote viwili, basi.