Kuungama na Kurudisha: Matembezi ya Bond Street

Anayeshuka stesheni ya Queen akatembea kidogo kuelekea mashariki, kisha akashika Bond Street kwenda kaskazini, ataipita Hospitali ya St. Michael's, na akishavuka Shuter Street ataliona upande wa kulia kanisa kuu la Wakatoliki wa Toronto, lenye jina hilo hilo la Malaika Mikaili. Lilifunguliwa mwaka 1848. Askofu aliyelianzisha, Michael Power, hakuwahi kuliona limekamilika. Mwaka 1847 mji huu, uliokuwa na watu wapatao 20,000, ulifikiwa na Waairishi wapatao 38,000 waliokimbia njaa. Askofu akawahudumia wagonjwa wao, akaambukizwa homa ya tifasi, akafa Oktoba 1. Kaburi lake limo chini ya kanisa. Sisi nasi ni wahajiri, na jina lake tulitaje kwa heshima.

Nimewaleta hapa kwa sababu ya swali la watoto. Wapo wanaosoma sekondari za Kikatoliki, ambazo Ontario huzigharimia kwa kodi ya wote na ambazo huwapokea hata wasio Wakatoliki. Inapokaribia Krismasi au Pasaka, padre huja kuungamisha wanafunzi, na mtoto wa Kiislamu aliyebaki kitini mwake hurudi nyumbani akauliza: mbona sisi hatumwendei shehe? Kumjibu kwa dhihaka ni kumnyima elimu.

Mkatoliki huiita ibada hiyo Kitubio. Humtajia padre dhambi zake kwa majuto. Padre humpa malipizi, yaani sala au tendo jema la kufanya, na humtamkia maondoleo. Imani yao ni kwamba anayesamehe ni Mungu, padre akiwa mtumishi aliyekabidhiwa kazi hiyo. Mtaguso wa Laterani wa 1215 uliwataka waumini waungame walau mara moja kwa mwaka. Kile kijichumba cha mbao chenye kiambaza cha vitundu kilikuja baadaye sana, katika karne ya 16. Na padre atakayeifichua kwa makusudi siri aliyoisikia humo hutengwa na Kanisa papo hapo, sheria ambayo mimi naistahi.

Kwetu mja hutubu kwa Mola wake bila ya mtu kati, tena amekatazwa kuitangaza aibu aliyositiriwa. Lakini tusijidanganye kwamba njia yetu ni nyepesi. Kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia havitoshi ikiwa ni haki ya mja: lazima irudishwe, au mwenyewe asamehe. Ndiyo maana kule pwani anayekwenda Hija huzunguka nyumba kwa nyumba akiomba radhi, na penye jeneza husimama mwenye maiti akauliza ni nani anayemdai marehemu. Hapa jirani zetu wako karibu nasi kuliko tudhanivyo, kwani mafundisho yao nayo yasema kwamba mwizi aliyekwisha kuondolewa dhambi bado hudaiwa alichoiba.

Endelea kaskazini, uvuke Dundas, ufike Gould Street penye chuo kikuu. Hapo ilisimama tangu 1889 sanamu ya Egerton Ryerson, Mmethodisti, ambaye ripoti yake ya 1847, mwaka ule ule wa mauti ya Askofu Power, ilichangia msingi wa shule za bweni walimopelekwa zaidi ya watoto 150,000 wa wenyeji asilia wa nchi hii. Watu waliiangusha Juni 6, 2021, na mwaka uliofuata chuo kikaliacha jina lake. Lakini shule nyingi katika hizo ziliendeshwa na Wakatoliki. Katika mapatano ya 2006 taasisi zao ziliahidi kujitahidi kuchangisha dola milioni 25 kwa ajili ya wahanga. Hazikufika hata milioni 4, na mwaka 2015 mahakama ikaziachilia. Maaskofu waliahidi upya mwaka 2021, mara hii milioni 30 kwa miaka mitano.

Julai 25, 2022, marehemu Papa Fransisko alikwenda Maskwacis, Alberta, akaomba msamaha mbele ya waliosoma katika shule hizo. Wako waliolia kwa faraja. Wako pia waliosema wanangoja nyaraka za shule zitolewe, ili majina ya watoto wasiorudi yajulikane.