Likizo ya Desemba: joto la Pwani, radi za Kanda ya Ziwa

Shule zinapofungwa Desemba, mabasi ya mikoani hujaa watoto. Wa Dar es Salaam wanakwenda kwa bibi Bukoba, wa Njombe wanashuka kwa mjomba Tanga. Mzazi hukagua nguo, nauli na zawadi za wenyeji, lakini hali ya hewa huisahau. Tanzania ni kubwa, na mwezi uleule mmoja una hatari tofauti kila mkoa.

Pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara, huu ni wakati wa upepo wa kaskazi. Dar es Salaam mchana joto hufika nyuzi 32 au 33. Namba hiyo peke yake haitishi. Tatizo ni unyevu wa baharini: jasho halikauki, na mwili unakosa njia yake kuu ya kujipoza. Usiku nao haupoi sana. Mtoto wa Makete aliyezoea sweta huchoka haraka na kuumwa kichwa. Apewe maji kabla hajalalamika kiu, acheze asubuhi na jioni, na asiachwe ndani ya gari lililofungwa hata kwa dakika chache. Mchanga wa chini ya miezi sita hahitaji maji hata kwenye joto. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi.

Dodoma na Singida joto ni kavu. Jasho hukauka kabla halijaonekana, hivyo mtoto hupungukiwa maji bila mtu kugundua. Mkojo wa njano iliyokolea ndiyo dalili ya kuangalia. Huku mvua za msimu ndiyo kwanza zinaanza, na korongo lililokuwa mchanga mtupu asubuhi linaweza kujaa maji ghafla, hata kama mvua imenyesha mbali. Si mahali pa kuchezea.

Basi likishapita Kahama na kuelekea Bukombe, Biharamulo na Muleba, habari inakuwa nyingine. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji ya Ziwa Victoria. Upepo wa ziwani huingia bara, hewa yenye unyevu hupanda, na alasiri mawingu meusi yameshajikusanya. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka nchi kavu pande zote, hukutana juu ya ziwa, na ngurumo huendelea huko hadi alfajiri. Wavuvi wanaijua hofu hiyo.

Huku kinachotisha zaidi ni radi. Januari 2025, radi iliua wanafunzi saba wa shule moja ya sekondari wilayani Bukombe, mkoani Geita. Mbeya na Rungwe nako radi si ngeni.

Bado wapo wanaoamini kuwa radi hutumwa na mtu. Wengine hufunika vioo na kuvua nguo nyekundu, kisha wanajikinga mvua chini ya mwembe. Radi haina ugomvi na ukoo wowote. Hupenda kupiga kilicho kirefu, na mwembe ni mrefu.

Mtoto anayekwenda huko afundishwe kabla ya kupanda basi. Akisikia ngurumo, radi iko karibu vya kutosha kumfikia. Atoke uwanjani, shambani na ziwani, aache mti, aingie kwenye nyumba imara au ndani ya gari lenye bodi ya chuma na vioo vilivyofungwa. Kibanda cha nyasi hakimsaidii sana. Akiwa ndani, akae mbali na mlango, bomba la maji na simu iliyo kwenye chaji. Asitoke mpaka zipite dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Na watu wazima wajue hili: aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Ashikwe bila woga. Kama hapumui, akandamizwe kifua na kupewa pumzi huku wengine wakitafuta usafiri wa hospitali.

Simu ya kuuliza kama watoto wamefika salama hupigwa na kila mzazi. Safari hii bibi aulizwe na jambo la pili: alasiri mawingu yakikusanyika, wajukuu huwa wanacheza wapi?