Sikula Rushwa, Lakini Nilichelewesha

Niliajiriwa mwaka 2006 kuwa afisa utumishi katika halmashauri moja ya kanda hii ya kati. Kazi yetu wengi hawaijui mpaka iwaguse. Sisi ndio tunaoandaa ikama na makisio ya mishahara, tunaoingiza mwajiriwa mpya kwenye orodha ya malipo, tunaobadilisha mshahara wa aliyepanda daraja na kuandaa barua za waliofikisha miaka 60. Mwalimu anaweza kufundisha vizuri kijijini miaka mingi, lakini serikali inamjua kwa kile tulichokiandika sisi.

Nilijiona mtu safi. Sikuwahi kupokea bahasha ya mtu, na wenzangu walipoitwa kuhojiwa na TAKUKURU mimi nililala usingizi wangu wote. Usafi huo ndio ulionipofusha. Kwa kuwa sikula cha mtu, niliamini sijamdhulumu mtu.

Neno langu lilikuwa “njoo wiki ijayo.” Halikuvunja kifungu chochote nilichokijua cha Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002. Mkaguzi akija hutafuta fedha iliyotoka isivyo halali. Barua iliyolala kwenye droo haimsumbui. Nilichelewesha kwa uvivu, wakati mwingine kwa kutaka tu mtu anisubiri, ajue ofisi ina mwenyewe.

Kuna mwalimu mmoja ambaye hanitoki moyoni. Alikuwa karibu kustaafu. Barua yake ya kupanda daraja ilikuwa imeshatoka, mshahara wake haujabadilishwa. Alipanda basi la alfajiri akaja, nikamwambia arudi. Akarudi, nikamwambia jalada halionekani, wala sikuwa nimelitafuta. Akastaafu na mshahara wa zamani. Kiinua mgongo na pensheni hukokotolewa kutokana na mshahara, kwa hiyo kazi ambayo ningeimaliza asubuhi moja ilimpunguzia riziki yake ya kila mwezi uzeeni. Siku ya kuaga alinishika mkono akasema, “Asante mwanangu kwa kunihangaikia.” Niliipokea shukrani ile, wala sikuona haya.

Mwaka 2016 Rais Magufuli aliagiza watumishi hewa wasakwe. Ajira mpya na upandishaji wa madaraja vikasimamishwa kupisha uhakiki, na uhakiki wa vyeti nao ukaendelea. Tarehe 28 Aprili 2017, Chuo Kikuu cha Dodoma, Waziri Angellah Kairuki alimkabidhi Rais ripoti ya vyeti. Nchi nzima ilizungumzia watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Ripoti hiyo ilikuwa pia na kundi ambalo halikusemwa sana: watumishi 3,076 waliokuwa wakitumia vyeti 1,538, maana yake cheti kimoja kilikuwa na watu wawili. Jina langu lilikuwa humo. Cheti changu cha kidato cha nne kilinipotea safarini miaka ya mwanzo ya kazi, na mtu wa mkoa mwingine alikuwa ameajiriwa nacho.

Mshahara ukasimama. Nilianza kuzunguka ofisi kwa ofisi, na katika mojawapo kijana mpole, mwenye adabu zake, aliniambia nije wiki ijayo. Alilisema kama nilivyokuwa nikilisema mimi. Nyumbani tuliuza mbuzi watoto wapate ada. Jioni sikutaka kukutana na majirani, kwa maana siku zile mtu akikosa mshahara alihesabiwa mwenye cheti feki.

Aliyeniokoa ni mama wa masijala. Alikuwa na elimu ya darasa la saba, na miaka yote nilimwita “wewe” kana kwamba hakuzaliwa na jina. Niliporipoti polisi upotevu wa cheti, yeye ndiye aliyeng'ang'ania nakala ya taarifa ile iingie kwenye jalada langu na ipewe namba ya folio. Siku hiyo nilimkemea kwamba ananipotezea muda. Sasa alipekua jalada ukurasa kwa ukurasa akaitoa, ina tarehe na muhuri, ya zamani kuliko ajira ya yule aliyetumia cheti changu. “Baba, karatasi ikiingia kwangu haipotei,” alisema. Hakunikumbusha lolote. Kwa karatasi ile nilirudishiwa mshahara wangu.

Ningependa kusema nilibadilika siku ile. Sikubadilika. Nilifurahi tu kuwa nimepona.

Kilichonivunja ni jina la mama yule wa masijala. Mwaka huohuo watumishi wa darasa la saba waliondolewa kazini, kwa sharti kwamba kuanzia 20 Mei 2004 mwajiriwa awe amefika kidato cha nne. Yeye aliajiriwa miaka ya 1990, sharti hilo halikumhusu, lakini naye aliondolewa. Alifunga khanga yake, akanikabidhi funguo za masijala na kitabu cha majalada, kila kitu mahali pake. Usiku ule nilimlilia Mungu. Niliomba nisamehewe kwa ajili yake, na kwa ajili ya yule mwalimu.

Niliandaa vielelezo vyake bila kumwambia arudi kesho. Mwaka 2018 serikali ilitamka kwamba walioajiriwa kabla ya tarehe ile warejeshwe kazini, naye akarudi. Siwezi kusema nilimlipa, kwa sababu haki ilikuwa yake tangu mwanzo. Yule mwalimu nilimtafuta kwao nikakuta ameshafariki. Deni lile nabaki nalo.

Sasa nipo Chamwino, karibu na ukuta wa Ikulu. Lakini mwalimu anayetoka Haneti au Mpwayungu na vumbi la barabara miguuni hakuja kumwona Rais. Kwake yeye serikali ni mtu aliyekaa mbele ya kompyuta, na mara nyingine mtu huyo ni mimi. Siku hizi likizo na uhamisho huombwa kwenye mfumo, na wengi husema urasimu umekwisha. Mimi najua kwamba ombi bado linasubiri kidole cha mtu.

“Njoo wiki ijayo” bado hunijia mdomoni, hasa mchana wa jua kali nikiwa nimechoka. Siku nyingine hunitoka kabisa, nami humwita mtu arudi kabla hajafika getini.

Ndugu unayesoma ukiwa na meza, muhuri au neno la siri la mfumo: pengine nawe hujala cha mtu. Tumshukuru Mungu kwa hilo, wewe na mimi. Ila fungua droo yako leo, uone ni nani anakusubiri humo.